Safu ya Maoni

Picha ilionyesha mbega barazani,
mkia mweupe ukining'inia kama taulo safi,
na jiko la mawe lenye moto, na glasi mbili.
Shivachi alilipia kwa simu, akanificha wiki nzima,
mwanamume asiyeweza kuficha hata bei ya nyama.
Watoto tukawaacha kwa shemeji, Migosi,
tukapanda kutoka Kisumu, tukashika njia ya Shinyalu,
mimi nikiwa na viatu nilivyovaa mara ya mwisho
kwenye arusi ya watu ambao wameshaachana.

Mapokezini hapakuwa na mtu. Palikuwa na kengele.
Tukaigonga, ikaanguka.
Kijana akatoka jikoni akijifuta mikono,
akapitisha kidole daftarini, juu, chini, juu:
"Mlikuwa mje jana."
Hatukuwa tuje jana.
"Basi iwe leo," akasema, kama mtu aliyetusamehe.
Na mbega? Mbega yupo, ila hapendi mvua.
Jiko la mawe lilikuwepo kweli;
ndani yake wamepanga saruji, mifuko minne.

Chumba namba tatu kilinuka dawa ya mende
na, chini ya dawa, mende.
Vitanda viwili, futi tatu kila kimoja,
kati yake nafasi ya kupita mbuzi mwenye mimba.
Shivachi akainama avisogeze. Havikwenda.
Vilifungwa sakafuni kwa boliti.
"Wageni walikuwa wanavisogeza," kijana akaeleza.

Maji moto yalikuwa njiani.
Saa moja yalikuwa njiani, saa mbili yalikuwa njiani,
nikajimwagia ya baridi, nikahema
kama mtoto aliyetoka tumboni sasa hivi;
nimewapokea wengi wodini, najua wanavyohema.
Kuku tuliyemwagiza tulimsikia akikimbizwa.
Saa tatu tulimsikia tena, bado anashinda.
Tukala ugali na sukuma, tukakubaliana kuwa ni tamu.

Chandarua kilikuwa na tundu la kuingiza ngumi.
Nikatoa plasta mkobani, nikaliziba,
Shivachi akanitazama kwa heshima
ambayo sikuwa nimeiona tangu gari liharibike Ahero.
Alitaka kusema kitu. Mvua ikamtangulia.

Mvua ya huku hainyeshi, inamwagwa,
na bati lilikuwa jipya, ndicho kitu pekee kilichokuwa kipya.
Gizani, kutoka ng'ambo ya pili, akasema neno.
"Nini?"
Akasema tena, kwa sauti zaidi.
"Nini?"
Akanyamaza kidogo. "Lala," akasema.

Nilimsikia mara ya kwanza.
Alisema: "Umenichoka?"
Nilitaka tu nimsikie akiuliza tena,
mtu ambaye kwa miaka kumi na tisa
ameniuliza funguo ziko wapi.
Baadaye nikanyoosha mkono kuvuka ile nafasi.
Nikagusa plasta yangu mwenyewe.

Asubuhi kijana alileta chai ya rangi, maziwa yakiwa njiani,
na daftari la wageni lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi
wasije wakaisogeza.
Shivachi aliandika kwa herufi ndogo, za hasira:
maji, boliti, kuku, saruji, mbega.
Alijaza safu yake, akaingia ya kwangu.
Ikanibakia nafasi ya neno moja,
pale walipouliza kama mgeni ameridhika, au amechoka,
au ana la kuongeza.
Nikaandika: *Bado.*
Akasoma juu ya bega langu, akatikisa kichwa kuafiki.
Alidhani nasema maji.

Nje, kuku alikuwa juu ya boneti yetu,
akajikung'uta, akashuka bila haraka.

Hatukusemezana hadi Khayega.
Hapo Shivachi akazima redio.
"Bado nini?"
"Nini?" nikasema,
ingawa vioo vilikuwa vimefungwa
na jua lilikuwa limewaka, na hakukuwa na bati.